Robo inchi na milimita sita si ndugu

Mhariri,

Baba alipofariki mwaka jana, sisi wanawe wanne tuliketi kugawana vitu vya karakana yake ya Gikomba. Kaka zangu walichukua mashine. Mimi mshonaji niliachiwa ruta moja, kifaa cha umeme cha kuchonga mbao, iliyokosa mwenyewe, pamoja na mkebe wa Kimbo uliojaa vyuma vidogo vidogo. Mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa ameshauweka mkebe huo kwenye mizani yake na kutaja shilingi 300. Nilimnyima kwa sababu mfuniko ulikuwa na mwandiko wa baba, basi.

Mwezi uliopita nilitaka ukingo wa meza yangu ya kukatia uviringwe, maana ulikuwa ukikwaruza vitambaa vya wateja. Kijana wa jirani, ambaye ni seremala, akakubali kutumia ile ruta. Tulienda pamoja mjini kununua biti mpya, yaani kile kisu kinachozunguka. Tukaomba yenye mguu wa robo inchi, ile sehemu inayoingia kwenye ruta, tukapewa, na nilipouliza kama kweli ni robo mwenye duka akacheka: "Robo ni robo, mama."

Biti iliingia bila taabu. Kijana akakaza koleti, sehemu ya ruta inayoshika biti, kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ruta hiyo huzunguka mara 24,000 kwa dakika moja. Hatukufika nusu ya ubao kabla mfuo haujaanza kuzama chini zaidi na zaidi, kisha biti ikachomoka, ikagonga mabati, ikatua ndani ya kikapu changu cha vitambaa. Hakuna aliyeumia. Kijana akaitazama ruta kwa dharau. "Hii ni ya zamani, mathe. Imekwisha."

Ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Usiku huo niliziweka biti za baba zilizokuwa mkebeni kando ya ile mpya na kwa macho sikuona tofauti. Kalipa, kile chombo cha kupimia unene, sina, ila uzi ninao. Nilizungusha uzi mwembamba mara kumi kwenye mguu wa biti ya baba, mizunguko ikilala ubavu kwa ubavu bila kupandana, nikaukata na kuunyoosha juu ya tepu. Nikafanya vivyo hivyo kwa biti ya dukani. Uzi wa baba uliuzidi ule mwingine kwa zaidi kidogo ya sentimita moja.

Robo inchi ni milimita 6.35. Biti tuliyouziwa ilikuwa ya milimita 6. Ile 0.35 iliyopungua haionekani kwa jicho, lakini ukiizungushia uzi mara kumi inakuwa milimita 11, na mshonaji asiyeona milimita 11 afunge duka. Koleti nayo ni kibomba cha chuma chenye mipasuko, kimechongwa kushika kipimo kimoja. Ukikilazimisha kubana kitu chembamba zaidi, kinashika kwa mdomo tu, na mguu uliobaki ndani unacheza. Kwenye zile kubwa hali ni mbaya zaidi, kwani nusu inchi ni 12.7 na watu huuziwa ya 12.

Ruta ya baba ilitengenezwa Uingereza enzi za inchi. Siku hizi ziko pia biti za milimita. Sisi washonaji tumezoea kuishi na pande mbili za tepu. Mteja akinitumia vipimo kwa simu, swali langu la kwanza ni: inchi au senti? Sielewi kwa nini duka la vifaa lishindwe kuuliza hivyo, au kuandika tu kipimo cha mguu kwa kalamu juu ya pakiti.

Mkebe wenyewe umeendelea kunishangaza. Kaka yangu wa pili alikuwa karibu kuitupa jigiso ya baba, ule msumeno wa umeme wa kukata mapindo, kwa sababu nyembe za sasa, zenye mkia wa umbo la T, hazikai. Jigiso hiyo hubana wembe kwa skrubu, na nyembe zake zenye tundu mkiani zilikuwa kwangu, kumi na moja, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Pete nyembamba aliyoidhani ni washa ya kuwekwa chini ya nati ni ya kupunguza tundu la msumeno wa duara, kutoka milimita 30 hadi 25.4. Hebu fikiria, vyote hivyo kwa shilingi 300.

Sisemi kila alichoacha marehemu kitumike. Kulikuwa na mawe ya grainda pia, na nimeyavunja kwa nyundo ili asije mtu akayaokota. Kaka mkubwa alinigombeza kwamba jiwe haliozi. Kweli, jiwe haliozi, lakini gundi inayoshikanisha chembe zake huchoka, hasa ikikaa penye unyevu, na karakana ya baba iko hatua chache kutoka mtoni. Tarehe ya mwisho huchapwa kwenye ile pete ya chuma ya katikati. Yetu ilikuwa imepita miaka tisa.

Kimebaki kitu kimoja kisicho na kazi kwetu: stendi ya kusimamishia drili mezani, yenye kibanio cha shingo ya milimita 43. Drili ya baba haina shingo ya namna hiyo. Msomaji mwenye drili inayofaa aje Kariobangi aichukue bure, ila aje na drili yenyewe. Tutaipima kwanza.

Mshonaji,
Kariobangi, Nairobi