Usizivue soksi, Rehema

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako kuhusu miguu yako inayovimba nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale: "Maadamu nimeandikiwa vidonge, soksi za kubana naziweka kando." Nakuomba usiziweke kando.

Unajua mguu wangu wa kushoto ulivyonitesa miaka yote hii. Ndani ya vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vali ndogondogo, kama vilango. Damu ikipanda kurudi moyoni zinafunguka, ikitaka kushuka zinajifunga. Zikilegea, damu inatuama chini, shinikizo linapanda, maji yanavujia kwenye nyama. Ndiyo maana asubuhi viatu vinakuenea na jioni havivaliki. Ukiendelea hivyo, ngozi ya juu ya kifundo inageuka rangi na kuwa ngumu, mwisho inachimbika kidonda. Nilimuuliza daktari wangu wa mishipa kama kuna kidonge cha kurekebisha vali iliyolegea. Akasema hakuna. Afadhali alinijibu wazi.

Hivyo vyako vya diosmini na hesperidini asili yake ni matunda jamii ya machungwa, na kwa kawaida humezwa miligramu 1,000 kwa siku. Vinasaidia kukaza ukuta wa vena na kutuliza uvimbe. Mimi vilinichafua tumbo siku za mwanzo, kisha ule uzito wa jioni ukapungua, kwa hiyo sikwambii uviache. Ila ujue kiasi cha msaada wake. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio ya dawa za kundi hili, wakaona zinapunguza uvimbe kidogo, lakini kwa kupona kwa vidonda hawakuona tofauti ya maana. Soksi ndiyo inayoubana mguu kutoka nje na kuisukuma damu juu kila unapopiga hatua. Kidonge hakiwezi kazi hiyo.

Dada yako anakushauri dawa ya mbegu za mti uitwao Aesculus hippocastanum. Dondoo lake lililosafishwa kiwandani lina esini, ndiyo kemikali inayofanya kazi, na ni kweli hupunguza uvimbe na maumivu kwa muda mfupi. Mbegu mbichi ni sumu, asije akakuchemshia. Na siku ukibadilishiwa ukapewa kalsiamu dobesileti, dawa nyingine ya vena, kumbuka kwamba mara chache sana huangusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu. Ukipata homa na koo likauma, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kidonda mambo ni tofauti kidogo. Mimi nilipewa pentoksifilini, kidonge cha kusaidia damu ipite vizuri, miligramu 400 mara tatu kwa siku, pamoja na bandeji ya kubana. Ilinitia kichefuchefu, lakini kidonda kilifunga. Hiyo ina ushahidi mzuri zaidi kwamba inasaidia vidonda kupona, hasa ikienda sambamba na bandeji.

Kosa langu kubwa lilikuwa vidonge vya kukojoza. Nilivinunua mwenyewe, bila kuandikiwa, nikidhani maji ya mguuni yatatoka. Nilikesha nikienda chooni, mwili ukaishiwa nguvu, kizunguzungu kila nikisimama, na mguu haukupungua kitu cha kujivunia. Maji yanatoka kwenye vena zilizoshindwa, wala si kwamba mwili wote umejaa maji. Usirudie niliyoyafanya.

Sasa jambo linaloninyima raha kuliko yote: wewe unatumia amlodipini ya presha. Dawa hiyo yenyewe huvimbisha miguu ya watu wengi, na dozi ikiwa kubwa ndivyo inavyovimba zaidi. Huenda sehemu ya uvimbe wako inatoka huko! Usiiache kwa uamuzi wako, presha si ya kuchezea, lakini mwambie daktari akufikirie nyingine. Muulize pia kama alikupima mishipa inayoleta damu mguuni kabla ya kukuandikia soksi, kwa sababu hiyo ikiwa imeziba, kubana kunaweza kuudhuru mguu.

Soksi zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado mwembamba. Ukivaa glavu za mpira zinapanda kwa urahisi. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usisubiri kesho, huenda ni damu iliyoganda.

Nitakupigia Jumapili jioni uniambie daktari amesemaje kuhusu amlodipini.

Akupendaye,
Mwanaidi