Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Barua na Kura Zilizoigawa Marekani Wakati wa Vita vya Vietnam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha kwenye maonesho yetu. Mada ya mwaka huu ni Vita vya Vietnam na jamii ya Marekani. Mabomu na majenerali tumewaachia wengine. Sisi tumefuatilia karatasi moja, barua ya kumwita kijana jeshini. Msimamo wetu ni kwamba vita vile viliwagombanisha Wamarekani kiasi kile kwa sababu barua hiyo iliweza kubisha hodi kwenye kila nyumba yenye mvulana, huku nyumba nyingine zikijua pa kuikwepea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusichanganye jambo hili na mujibu wa sheria wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) hapa kwetu. Kule Marekani kijana alichukuliwa ili apelekwe vitani. Akitimiza miaka 18 alijiandikisha kwenye bodi ya eneo lake. Bodi hizo zilikaribia 4,000 nchi nzima, na wajumbe walikuwa wakazi wa hapo hapo waliojitolea, wengi mno Wazungu. Bodi ilimpangia daraja: 1-A, yuko tayari kuitwa, 2-S, ni mwanafunzi wa chuo, ameahirishiwa, 4-F, hafai. Wa 1-A alipimwa afya, akaletewa barua yenye siku na mahali pa kuripoti, akaapishwa.

Kasoro ilikuwa kwenye madaraja yenyewe. Mwenye karo alibaki chuoni na 2-S yake. Mwenye daktari wa familia alitafutiwa cheti cha mgongo. Mwenye kujuana na wakubwa alipenyezwa kwenye Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la majimbo, ambao ni wachache tu waliopelekwa Vietnam. Mtoto wa kibarua hakuwa na upenyo. Kati ya 1964 na 1973 walioingizwa jeshini kwa lazima walizidi milioni 1.8. Aliyekataa alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 10,000.

Bondia Muhammad Ali alikataa, akahukumiwa adhabu hiyo yote, mwezi Juni 1967. Miaka mitatu kabla alishindwa mtihani wa jeshi, akawekwa pembeni. Mwaka 1966 alama za kufaulu ziliposhushwa kwa sababu jeshi lilihitaji watu, akageuzwa kuwa 1-A. Akavuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila pambano, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta hukumu kwa kura 8 kwa 0 tarehe 28 Juni 1971. (Ndiye huyo huyo aliyetumwa Dar es Salaam na Rais Carter mwaka 1980 kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakaenda wakaleta medali za fedha.)

Malalamiko yalipozidi, serikali iliamua kupiga kura ya bahati. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, mbele ya kamera za televisheni, zilichotwa kapsuli 366 za plastiki ya buluu, kila moja na tarehe yake ya kuzaliwa. Kura hiyo iliwahusu waliozaliwa kuanzia 1944 hadi 1950. Ya kwanza kutoka ilikuwa 14 Septemba, ikapewa namba 1, yaani waliozaliwa siku hiyo waitwe kwanza. Ya mwisho, 8 Juni, ikapewa 366. Walioitwa kwa kura hiyo waliishia namba 195.

Sasa tazama mikono ilivyofanya kazi. Kapsuli za Januari zilitiwa sandukuni kwanza, zikasogezwa upande mmoja. Zikaja za Februari, zikachanganywa na zile za Januari, na hivyo hivyo hadi Desemba. Januari ikawa imekorogwa mara nyingi, Desemba mara moja tu. Sanduku likatikiswa kidogo, likamiminwa kwenye chombo kirefu cha kioo, na za miezi ya mwisho zikakaa kwa wingi juu, mkono unapoanzia. Kati ya siku 31 za Desemba, 26 ziliangukia namba 195 au chini yake. Hakukuwa na hila yoyote. Walikoroga vibaya, basi. Kura iliyofuata, Julai 1970, ilitumia mapipa mawili ya kuzungushwa, moja la tarehe na jingine la namba.

Wakati huo nchi ilikuwa imeshapasuka. Tarehe 30 Aprili 1970 Rais Nixon alitangaza kwamba majeshi yanaingia Kambodia, nchi jirani ya Vietnam. Siku nne baadaye, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Walinzi wa Taifa walifyatua risasi kwa sekunde 13 kwenye maandamano ya kupinga hatua hiyo: wanafunzi 4 walikufa, 9 walijeruhiwa. Tarehe 8 Mei mafundi ujenzi wa New York waliwapiga waandamanaji waliopinga vita barabarani. Wiki moja baadaye polisi waliua vijana wawili Weusi katika chuo cha Jackson State, Mississippi, na magazeti hayakushughulika nao sana.

Sheria zilibadilika. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka 21 hadi 18, maana ilikuwa vigumu kumweleza kijana kwamba anatosha kufa lakini hatoshi kuchagua. Mwaka 1973 jeshi likawa la hiari. Mwaka 1977 Carter aliwasamehe waliokwepa. Usajili ulirudishwa mwaka 1980 na unawahusu hata wahamiaji wa kiume wa miaka 18 hadi 25. Wazazi wenye watoto huko wafuatilie, kwani asiyesajiliwa anaweza kukwama anapoomba uraia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja. Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna visoda 366 vilivyoandikwa tarehe. Tunaomba uvitie sandukuni mwezi kwa mwezi, utikise mara mbili tatu, umimine ndooni, kisha uchote 30 vya juu. Mwanachama ataandika ubaoni ni vya miezi gani. Halafu tutavikoroga vizuri kwa mwiko, uchote 30 vingine, na wageni walinganishe.

Tunaomba kuwasilisha.