Kontena letu, na ile hoja yako ya Uswisi

Ndugu yangu Juma,

Asalaam alaykum. Huku Buyenzi, Bujumbura, wazima, Mungu anasaidia. Kimya changu utanigombeza tukionana, leo nina shida.

Lile kontena la vipuri tulilochangia na Hamisi bado liko bandarini kwenu Dar. Wakala alianza na "nyaraka", akaja na "mfumo", sasa hata simu hapokei. Na tozo ya kuhifadhi inapanda kila siku, tena kwa dola, na dola huku... basi tu. Gereji zimejaa magari yaliyofunuliwa boneti, wenyewe wanakuja kunikodolea macho mimi.

Halafu wewe unaniambia Burundi kukosa bahari ni kisingizio tu cha kubaki nyuma, eti Uswisi na Botswana nazo hazina! Juma, Uswisi meli za mizigo zinapanda Mto Rhine mpaka Basel, na majirani zake ni Ujerumani, Ufaransa na Italia, wateja wenye pesa zao. Botswana inauza almasi, mali ya mamilioni unaitia mkobani unapanda ndege. Sisi tunauza kahawa na chai. Gunia linapanda lori, linavuka mpaka pale Kobero, linakata Tanzania nzima, kilomita zaidi ya 1,400, na kila mizani njiani inataka chake. Bei ya kahawa haijui habari za lori. Mlango wetu wa kutokea uko sebuleni kwa jirani: akiwa na uchaguzi, akiwa na hasira, sisi tunasubiri.

Hasira hizo unazikumbuka. Julai 1996 Meja Buyoya alipopindua serikali yetu, marais wa kanda walikaa Arusha wakatuwekea vikwazo vya uchumi, na havikuondolewa hadi Januari 1999. Sawa, mapinduzi ni mapinduzi, siyatetei. Lakini aliyehangaika kutafuta mafuta hakuwa Buyoya. Wa magendo ndio waliojenga nyumba, na mmoja wao unamwita shemeji, lakini hayo si ya kuandika.

Usalama nao ni hayohayo. Bujumbura imejibanza pembeni: ukipita Gatumba, uko Kongo. Mji wao wa Uvira ukichafuka, wakimbizi wanatufikia kabla ya habari za redio. Desemba 2023 watu walishambuliwa na kuuawa huko Gatumba, na Januari 2024 mpaka na Rwanda ukafungwa tena. Njia ya kaskazini ikazibwa, ukabaki wewe na bandari yako! Serikali ilipoamua mwaka 2019 Gitega, kule katikati ya nchi, ndiyo iwe makao makuu ya siasa, nilicheka. Sasa nikitazama ramani sicheki sana. Ila sisi wachuuzi hatuwezi kuhamia mlimani, meli ziko ziwani.

Ndiyo maana nafikiria Kigoma. Reli imefika pale tangu 1914, na kutoka pale kuja kwetu ni maji tu. Kwa nini tung'ang'anie malori? Au kuna jambo nyinyi mnalijua?

Nifanyie hivi: nenda ofisini kwa huyo wakala, usipige simu, mtokee. Namba ya kontena ninayo, nikutumie? Ukipita stesheni, waulize bei ya kontena moja mpaka Kigoma, na kama mabehewa yapo kweli au ni ya kwenye karatasi. Je, Mama Zuwena mguu umepona? Yule kijana wa Mzee Kabura bado yuko Kariakoo? Hamisi anauliza, ile hela yake utaikumbuka lini?

Wako,
Saidi