Plasta Ngoja Kidogo, Swahiba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kusikia paa limeshaezekwa na fremu za madirisha zimekaa. Ila pale uliposema fundi anataka kuanza plasta ya nje wiki ijayo kwa sababu "jua ni kali, itakauka upesi", hapo ndipo nilipoona nisilale kabla sijakuandikia.

Plasta ya simenti haipati nguvu kwa kukauka. Inapata nguvu kwa kukaa na maji. Simenti na maji hushikana taratibu, siku baada ya siku, na maji yakitoroka kabla hawajamalizana, kinachobaki ukutani ni mchanga ulioshikiliwa nusunusu. Utauona mgumu kwa macho, lakini ukuta huo hauna uhai mrefu.

Somo hili nililipata kwenye ukuta wangu wa magharibi. Kuta tatu za mwanzo tulizipiga vizuri. Ule wa nne tuliuanza saa nane mchana, na lawama ni zangu, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nahimiza tumalize. Matofali yalikuwa ya moto, kiganja hakikai. Fundi alirusha plasta, na kabla hajaipitishia rula nikaiona inabadilika rangi, kutoka kijivu kibichi hadi rangi ya majivu. Akawa anairushia maji kwa brashi ili tu apate kuisugua. Jioni ukuta mzima ulikuwa na vistari kama utando wa buibui. Nikajipa moyo: rangi itafunika. Baada ya miezi michache nikaupapasa, mkono ukarudi na unga. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Tulipoanza kubandua, kipande cha ukubwa wa sinia kilitoka chote kwa pamoja, na nyuma yake matofali ni masafi, utadhani hayajawahi kuonana na simenti.

Kwa hiyo mwambie fundi wako afukuzane na kivuli. Ukuta wa magharibi upigwe asubuhi, wa mashariki usubiri jua livuke. Ule usiopata kivuli kabisa, utundikieni turubai. Na upepo mkavu uuogope kuliko jua lenyewe. Watu wengi hukimbia jua halafu wakapiga plasta siku ya upepo, kisha wakashangaa nyufa zimetoka wapi.

Ukuta umwagiliwe jioni ya kuamkia kazi, na asubuhi tena. Halafu mngoje mpaka ule mng'ao wa maji upotee, tofali liwe na unyevu bila kutiririka. Tofali kavu litainyonya plasta maji yake yote. Lililolowa chepechepe litaiangusha.

Kuhusu mchanganyiko, najua utataka kuongeza simenti ili "iwe imara". Usiongeze. Ndoo moja ya simenti kwa nne au tano za mchanga inatosha kabisa kwa nje. Simenti ikizidi, plasta husinyaa zaidi inapokauka, na hapo ndipo inapopasuka. Ukitia na chokaa kidogo itakuwa laini kwa mwiko na itashika maji vizuri zaidi. Mchanga uchekechwe, usiwe wa baharini, maana chumvi yake itakusumbua miaka. Ukitaka kujua kama una udongo, tia mchanga kwenye chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, uache utulie. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka lake peke yake. Likiwa nene, tafuta mchanga mwingine.

Wachanganye kidogo kidogo. Kwenye joto, plasta iliyokaa karaini kama saa moja na nusu imeshaanza kushikana, na kuitia maji mapya ili ilainike ni kuivunja nguvu. Kuna na ile tabia ya kunyunyiza simenti kavu juu ya plasta mbichi ili ing'ae. Inapendeza siku ile ile tu. Ngozi ile ya juu hupasuka vipande vipande, nawe ukose wa kumuuliza.

Unene usizidi milimita 20 hivi kwa jumla, kwa tabaka mbili, la kwanza likwaruzwe likiwa bado bichi ili la pili lipate pa kushika. Panapokutana nguzo ya zege na tofali, tandazeni wavu wa kuku kwanza. Zege na tofali hazipanuki sawa, na mpaka huo hutoa ufa ulionyooka kana kwamba umechorwa.

Sasa kumwagilia, ambako ndiko watu wengi huharibia. Asubuhi baada ya kupiga, ukiona maji hayachubui tena uso, anza. Manyunyu mepesi, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku 7 zisizopungua. Magunia yaliyolowa au nailoni iliyotundikwa itakupunguzia safari. Usimtegemee fundi kwa hili. Yeye atakuwa ameshahamia kazi nyingine. Shika bomba mwenyewe.

Msimu nao uangalie. Masika hapana, kwa sababu mvua ya usiku wa kwanza inaweza kuiosha plasta yote chini. Kiangazi cha katikati nacho ni vita. Mimi ningengoja mvua kubwa zikatike, hewa ikiwa bado na unyevu na jua halijakasirika. Ikibidi ukae mwezi mzima na matofali wazi, kaa nayo. Hayaozi.

Rangi usiiguse kabla ya siku 28. Plasta changa ina ukali wa chokaa ndani yake, na rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo hugeuka kama sabuni, ikamenyeka. Chagua rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, na ukiweza iwe nyeupe au ya kufifia. Ukuta mweusi hupata moto sana mchana, usiku ukapoa, na kule kupanuka na kusinyaa kila siku ndiko kunakoichosha plasta.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila mvua zinapokwisha, zunguka nyumba na mpini wa nyundo, ugonge taratibu. Panapolia patupu, weka alama. Ufa mwembamba kama unywele hufunikwa na rangi tu. Ule unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha usiuzibe kwanza: weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ufa ukipita alama, huenda tatizo liko chini kwenye msingi, na plasta utakayozibia itapasuka palepale. Ufa ukitulia, uchimbe uwe mpana, futa vumbi, lowesha, ziba, kisha umwagilie tena kama plasta mpya. Nimeona watu wakisahau hilo la mwisho kila mara.

Udongo wa bustani usiulundike ukutani. Acha sentimita 15 hivi chini zikiwa wazi, la sivyo unyevu utapanda na rangi ivimbe malengelenge. Ukiona unga mweupe wa chumvi, usiuoshe. Maji yanaurudisha ndani. Ufagie ukiwa mkavu, halafu utafute maji yanaingilia wapi, kwa kawaida ni mfereji wa paa uliotoboka au bomba linalovuja ndani ya ukuta. Na mashine ile ya kuosha magari usiiruhusu ikaribie plasta, hata iwe na ukoga wa kijani kiasi gani. Brashi na maji ya sabuni yanatosha.

Ukuta wa kwanza ukiisha, nipigie picha. Usiipige mchana, ngoja jua linapokaribia kuzama, mwanga ukilala ubavuni mwa ukuta. Saa hiyo kila wimbi aliloacha fundi linaonekana, na mtakuwa bado na muda wa kulirekebisha.

Wako,
Swahiba wako wa siku zote