Risala ya Wanafunzi wa Sayansi za Afya kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuvaa Koti Jeupe

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na maabara, tunakukaribisha kwa furaha na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Wenzetu wanaovaa koti leo wanaanza mafunzo ya wodini. Ndiyo maana risala yetu haitazungumzia mabweni wala mikopo, ingawa hayo nayo yapo. Itazungumzia simu iliyomo mfukoni mwa koti hilo.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Hatuombi simu zipigwe marufuku. Kundi la darasa la WhatsApp ndilo linalotupa ratiba, vitabu na mitihani iliyopita. Wapo wenzetu wanaoeleza dalili za kisukari kwenye TikTok kwa Kiswahili chepesi, na tunajivunia kazi yao, mradi wasigawe dozi kwa watu wasiowapima.

Linalotuumiza ni picha za wagonjwa. Mtu anapiga picha ya kidonda au ya eksirei, anaituma kundini ili wenzake wajifunze. Amekata uso, anaamini amemficha mgonjwa. Lakini jina limebaki pembeni ya eksirei, na kanga aliyojifunika bibi wajukuu zake wanaijua. Katika mji mdogo, kuandika tu kwamba leo tumepokea mtoto aliyeungua kwa uji kunatosha mtaa mzima kujua ni mtoto wa nani. Tena simu nyingi huhifadhi picha za makundi zenyewe. Mdogo wako akiazima simu aangalie matokeo ya mpira, anamkuta mgonjwa wako.

Wengine husema mgonjwa aliulizwa, akakubali. Amekubali vipi? Amelala, amezungukwa na makoti meupe, kila mwanafunzi anamwita daktari, na moyoni anahofia kwamba akikataa hatahudumiwa vizuri. Huyo hakukubali, ameogopa. Ridhaa ni pale anapoelezwa picha inakwenda wapi na nani ataiona, akaambiwa waziwazi kwamba akikataa matibabu yake hayabadiliki, akapewa nafasi ya kuwauliza ndugu zake. Na aliyeridhia picha yake ifundishie darasani hajaridhia iwekwe kwenye status.

Sheria za nchi yetu, Tanzania, zimelitazama jambo hili. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo cha VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari kilichotungwa 1948, kwa maneno yake ya sasa linadai siri ya mgonjwa itunzwe hata akishafariki.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwanafunzi huiga. Usiku daktari bingwa akiwa nyumbani, daktari wa zamu humtumia picha ya mgonjwa kwa WhatsApp, na picha hiyo huweza kuokoa maisha. Hatumlaumu, kwa sababu hana njia nyingine. Kwa hiyo tunaomba hospitali tunamojifunzia ziwe na njia rasmi na salama ya kutuma picha hizo, pamoja na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili. Zaidi ya yote tunaomba mwongozo wa maandishi wa matumizi ya mitandao, utakaowabana wanafunzi na wakubwa wetu sawasawa, na ufundishwe kabla mwanafunzi hajakanyaga wodini.

Sisi tumeshaanza. Picha ya mgonjwa ikiingia kwenye kundi la darasa, kiongozi wa kundi anaifuta na aliyeituma anaitwa. Tunajua kufuta hakurudishi kilichokwisha kupakuliwa, na hapo ndipo tunapohitaji mkono wako.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Serikali ya Wanafunzi