Jini Apigaye Hodi

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisumu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza kama samaki wa ziwani umeshamzoea au ukila bado wamlilia changu wa kupaka.

Barua yako nimeipata, na ile sentensi ya mwisho imenichoma: "Bado wasoma vile vitabu vya mashetani?" Vya mashetani! Mtu aliyekuwa akizisoma riwaya za mapenzi za Mills & Boon darasani, kazivika jalada la Jiografia, leo kawa shekhe. Nasoma, ndiyo, tena kuliko zamani. Na kwa kuwa umeuliza mwenyewe, jiandae, zamu yako ya usiku ni ndefu.

Nianze na cha watu watupu, kisicho na jini wala mchawi. Juzi nilipita Mwembe Tayari kwa muuza vitabu vya mitumba, atandikaye turubai chini. Riwaya za mapenzi amezirundika na vitabu vya uhasibu. Nikaokota moja ya mwanamke mwokaji mikate na jirani yake mkorofi. Jalada limekunjika, kurasa zanukia marashi ya mwenyewe wa kwanza. Kufika pale bwana anapoapa kwamba katika maisha yake hajapenda hivi, nakuta mtu kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Muongo huyu. Wote husema hivi hivi." Nilicheka peke yangu hadi mama akachungulia mlangoni. Mbele kidogo kalamu ile ile: "Haya, huenda." Baada ya hapo kimya, hakuandika tena, nadhani alishatekwa.

Lakini kumbe kurasa za mwisho zimechanika. Nikarudi kulalamika. Yule bwana akanitazama akanijibu, "Dada, kitabu cha mapenzi hicho. Mwisho wake si waujua?"

Na ni kweli, naujua. Hata chama cha waandishi wa riwaya hizi kule Marekani masharti yake ni mawili tu: mapenzi yawe ndiyo kiini cha kisa, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Hakuna anayezifungua riwaya hizi akiogopa kwamba hawatapatana. Hata hivyo nilinuna siku nzima. Kwamba walipatana najua. Ninachokosa ni walivyoambiana. Nani alianza kuomba radhi, na kwa maneno gani? Alisimama wapi? Mkate ulikuwa tanuuni au ulishaungua? Wanaotucheka kwamba twasoma kisa kimoja mara mia hilo hawajalielewa.

Sasa mashetani yako. Mimi na wewe tumelelewa hapa. Tumeambiwa usitoke magharibi nywele wazi na marashi yananukia, usijitazame sana kwenye kioo usiku, jini mahaba atakupenda. Na msichana akivunjikiwa na posa, ya kwanza, ya pili, wazee hutazamana, na haipiti muda yuaitiwa wa kumsomea. Kisha wafungua riwaya kutoka ng'ambo na wamkuta jini yule yule: si binadamu, kampenda msichana kwa harufu yake, ana wivu wa kuua, na usiku hukaa chumbani akimtazama amelala. Tofauti ni kwamba wasomaji huku wanashusha pumzi, "Laiti ningekuwa mimi!" Nilimsimulia mama kimoja tulipokuwa tukichambua mchele. Akasikiliza vizuri hadi mwisho, halafu akauliza, "Na huyo mtoto hawakumpeleka kusomewa?"

Swali la mama lilinikaa, na tangu siku hiyo nazisoma riwaya hizi kwa jicho jingine. Kuna zile za watu wageukao mbwamwitu, ambamo dume likishanusa tu linatangaza: wewe ni wangu, imeandikwa, huna pa kwenda. Msichana hukataa sura tatu, kwa adabu tu, kisha huyeyuka. Hizo siku hizi nazitupa. Huyo ni jini mahaba kavaa suruali ya jinzi, na mimi niko upande wa mama, asomewe. Ikiwa mapenzi yameamuliwa na pua, mwanamke ana kazi gani katika kitabu?

Vampaya, yule mfu anyonyaye damu za watu, ni kitu kingine, na hapa ndipo nataka unisikilize. Katika Dracula, ile ya Bram Stoker ya mwaka 1897, kuna sharti: vampaya hawezi kuingia nyumbani kwa mtu mara ya kwanza mpaka wa ndani amkaribishe. Akishakaribishwa ndiyo basi, huingia atakavyo. Yaani jitu lile lote, lenye kuishi karne na karne, lapiga hodi kama mgeni yeyote! Stoker alilitumia sharti hilo kwa kutisha. Waandishi wa mapenzi waliokuja baadaye, wale wajuzi, waligundua kwamba pale kizingitini ndipo mahaba yote yalipo. Nimesoma kimoja ambamo bwana amesimama nje ya mlango sura nzima, mvua yanyesha, na bibi yuko ndani anakunja nguo, yuafikiri. Hakuna mengine yanayotokea. Nilikisoma kwenye feri ya Likoni, watu wakashuka, mimi nimebaki nimekodoa macho hadi mtu akanigutusha.

Zile zinazosimulia upya ngano za kale nazipima kwa kipimo hicho hicho. Ile ya binti na mnyama, Beauty and the Beast, unaijua. Aliyeiandika kwanza kama tuijuavyo ni mwanamke wa Ufaransa, Gabrielle-Suzanne de Villeneuve, mwaka 1740, na ni ndefu. Humo binti amewekwa kasrini kwa mnyama, na mnyama kila usiku humuuliza kama atakubali walale pamoja. Binti hukataa, naye mnyama huondoka zake. Mwaka 1756 mwalimu mmoja, Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, akaifupisha kwa ajili ya wasichana, na swali likawa la ndoa, kwa sababu unazozifahamu. Lakini hakuliondoa. Kila usiku swali, kila usiku jibu. Waandishi wengi wa leo wanaiga kasri, waridi na maktaba kubwa, swali wanalisahau. Nami nasema, binti aliyefungiwa ni mfungwa, hata ungempa maktaba ya dunia nzima.

Na kwa nini waridi tu, shoga? Kwani sisi hatuna? Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja, na mojawapo ni ya Hamdani, yule maskini achakuraye jaani. Aliokota sarafu akanunua paa. Paa akasema kama mtu, akapata almasi, akaenda kwa sultani kumposea bwana wake binti, akaua nyoka wa vichwa saba ili maharusi wapate nyumba. Yote kafanya paa. Hamdani alikaa tu. Kisha paa akaugua, na Hamdani akaamuru apewe uji wa mtama. Ni mke aliyemhurumia, akamtafutia chakula cha maana kwa siri. Paa akafa, wakamtupa kisimani. Usiku ule mke akaota yuko kwao, akaamka yuko kwao kweli. Hamdani naye akaamkia jaani, anachakura.

Hebu isimulie upya kwa jicho la yule mke. Aliyemposa kwa maneno matamu ni nani? Aliyemwulia nyoka? Aliyemfuata njia nzima hadi kwake? Ningekuwa na kalamu ya kutunga, paa angetoka kile kisima akiwa mtu, akaenda hadi mlango wa sultani, na safari hii akajiposea mwenyewe. Mke asimkubali upesi, tafadhali. Ana haki ya kumuuliza kwa nini alimuoza kwa mwanamume yule. Riwaya hiyo ningeinunua mpya, si ya mitumba.

Za kisasa, za watu watupu, nimezitetea kidogo hapo juu lakini nikwambie kweli: ndizo ngumu kuandika, na nyingi hazifaulu. Bwana wa riwaya hizo huwa bilionea, na ubilionea ndio uchawi wake. Ndoa ya mkataba, hoteli yenye kitanda kimoja, haya, naburudika, kesho nimesahau. Nzuri kweli ni ile ambamo wote wawili wana kodi ya nyumba ya kulipa, na mtu anapigwa na butwaa kwa sababu mwenziwe alikumbuka kwamba hanywi chai ya tangawizi. Yule jirani mkorofi wa mwokaji alikuwa wa namna hiyo. Ndiyo maana zile kurasa zaniuma.

Basi, kazi yako hii. Huko Kisumu lazima wapo wauza mitumba. Nakutajia jina la kitabu kwenye simu. Ukikiona, usikinunue, fungua mwisho unisomee, sauti na vituo vyote. Nami nakutumia kile cha vampaya wa kizingitini kwa basi, pamoja na achari ya embe ya mama. Ukishindwa kulala mchana, usinilaumu.

Niambie pia kama umepata chumba chenye dirisha, na yule daktari wa wodi ya tatu uliyemtaja mara mbili katika barua moja, nisimtaje zaidi, je, yeye hupiga hodi?

Ni mimi shogako,
Z.