Salamu za Idd: mwezi umeandama, na mazoea je?

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu, jamaa na marafiki.

Alhamdulillahi, tumefika. Idd Mubarak! Mola atutakabalie saumu, sala na sadaka zetu. Wagonjwa awape shifaa, na waliobanwa na maisha mwaka huu (nani hakubanwa?) awafungulie milango ya kheri.

Kwetu hii ni Idd ya kwanza bila baba. Marehemu alikuwa hapiti mlangoni ila ameinama akazipanga ndala za watu wote, pua zikitazama nje, ili anayetoka avae tu aende zake. Hata za mgeni aliyekuja kumdai. Utotoni tulimcheka sana. Juzi, usiku wa 27, nikajikuta nimeinama palepale, ndala mkononi, nazigeuza mojamoja. Sijui nilianza lini. Nilikaa kizingitini nikalia, niseme kweli.

Wahenga walisema tabia ni ngozi. Sawa, lakini hata ngozi ya kiganja huota sugu kwa mpini unaoshikwa kila siku. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 waliojizoeza jambo jipya, wakachapisha mwaka 2010 kwamba wastani ni siku 66 hivi mpaka jambo lifanyike bila kujilazimisha. Sisi tumefunga 29 au 30. Hatujafika hata nusu, na leo ndiyo kwanza tunaachia! Afadhali waliona pia kwamba kuteleza siku moja hakuharibu kazi. Na Mtume (S.A.W.) alishatufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile idumuyo, japo ndogo.

Basi ndugu zangu, tuiogope Shawwal, mwezi huu unaoingia baada ya Ramadhani. Aliyeweza kuamka daku mwezi mzima, rakaa mbili za usiku zitamshindaje kesho? Ulimi tulioufunga usengenyaji, mbona tuufungulie pamoja na tumbo? Hata ule uongo wa "niko njiani" na mtu bado yumo kitandani ni mazoezi. Siku ya uongo mkubwa ulimi hautatetereka, umeshazoea.

Niliowakosea, nisameheni kwa ajili ya Allah. Nawe mdogo wangu, tangu msiba hatujasemezana. Njoo leo, hata kama hatutakuwa na la kusema.

Taqabbalallahu minna waminkum. Kullu aam wa antum bikheir.